Meza ya Wadudu wa Dantela

Marceline alikuwa amepiga magoti chini ya meza, akimimina mafuta ya taa katika kopo la tatu, Idi alipoingia bila kungoja kukaribishwa. Akageuka ghafla. Mafuta yaliyobaki yakamwagika sakafuni, na kopo la nne likabaki kavu.

Kila asubuhi kazi ilikuwa hiyo. Kila mguu wa meza ulisimama ndani ya kopo la maziwa lenye mafuta, ili sisimizi wasipande. Juu ya meza yalikaa masanduku ya vioo, na ndani yake wadudu wadogo kama punje za ulezi, kila mmoja amegandishwa kwa gundi kwenye ncha ya kikaratasi kilichochomwa pini. Baba yake, Papa Hippolyte, aliyaleta kwa baiskeli, sanduku baada ya sanduku, mwaka ule Wabelgiji walipokimbia na kituo cha utafiti wa kahawa kikaachwa milango wazi. Huko ndiko alikozeekea. Miaka minne sasa hakuna aliyemlipa wala kumuuliza habari za wadudu.

"Boti iko tayari," Idi alisema. Alikuwa jirani yao, na mjomba wake alisafirisha watu hadi Kigoma. "Honi ikilia tunaondoka. Niliwawekea nafasi nyinyi wawili. Askari wa serikali wako karibu, Papa. Wakiingia wataanza kuuliza mtoto wa nani alifuata Wasimba kwenye uasi, na mtaa mzima unajua mwana wako Théophile alienda nao."

Papa Hippolyte, aliyeketi mezani, hakuinua jicho kutoka kwenye lenzi yake ya kukuzia.

"Mimi nasema boti, wewe unatazama kunguni," Idi akasema.

"Kunguni hana dantela."

Idi akacheka kidogo, bila furaha. "Basi mubebe huyo mwenye dantela. Lakini masanduku, hapana. Kila muntu furushi moja. Mjomba amekataa hata mbuzi ya bibi yake."

Akatoka. Marceline akaanza kukunja nguo.

Dantela, kile kitambaa cha nyuzi chenye matundu, Marceline aliijua. Alifundishwa kuisuka na masista wa Mpala, na aliporudi nyumbani baba yake alimpa penseli badala ya uzi, akamwambia achore bawa la mdudu. Lilikuwa kama kitambaa cha altare: kavu, angavu, lenye vijumba vingi vilivyogawanywa na mishipa myembamba. Nyuma ya kichwa palivimba kofia ya vijumba hivyo hivyo, ikainama mbele hata kuficha uso, kana kwamba mdudu anasali. Vijumba vya ukingoni mwa bawa ndivyo vilivyotenga kabila na kabila. Safu mbili, huyu. Safu tatu, ni mwingine kabisa. Marceline alichora mpaka macho yakatoa machozi. Baba hakumsifu hata mara moja. Alisema tu, "Hesabu tena." Na mchoro ulipokuwa mzuri sana, alisema, "Théophile angeuona huu."

Palikuwa pia na kisanduku cha bati, kisicho na kioo. Humo waliwekwa watoto wa wadudu hao, weusi, wenye miiba, bila bawa wala dantela. Ungewaona usingedhani ni wa mama yule. "Hawa hawana alama ya kuwajulia," baba alikuwa akisema. "Weka pembeni." Naye Marceline alikuwa akiwaweka pembeni, kwa mikono yake mwenyewe.

Mlio wa bunduki ukasikika upande wa reli.

"Papa, nguo zako nimeshafunga."

"Nani atatia mafuta?"

"Mafuta imeisha. Hata ya kuwashia taa haiko."

Baba akagusa kioo cha sanduku la kwanza, juu ya mdudu mwenye kikaratasi chekundu. "Huyu njo mwenye jina. Wengine wote wanalinganishwa naye. Sisimizi wakimukula, jina inabaki bila mwenyewe."

Marceline akainuka. Alitafuta kiberiti kitupu, akatandika pamba, akaing'oa pini kwa ncha za vidole, akamlaza mdudu humo na kufunga.

"Huyu atakwenda," alisema. "Twende naye."

Mzee akakitazama kiberiti. Sasa hakuwa na pa kujificha. "Wewe enda na Idi," alisema. "Mimi nabaki."

"Papa, watakuua."

"Théophile anaijua hii meza. Akirudi akakuta nyumba bure, atasema baba yangu alinikana."

Akarudisha jicho kwenye lenzi.

Marceline akasimama na mafurushi miguuni pake. Tangu utoto maneno yake yalikuwa yakiishia kooni; kilichofika nje kilikuwa chai, nguo safi, mafuta kwenye makopo. Hata siku Théophile alipoondoka, baba alipolia mlangoni akisema amebaki peke yake, yeye alikuwa nyuma yake, ameshika kikombe cha maji.

Huko ziwani honi ya boti ikalia, nzito na ndefu.

Akainama kuchukua mafurushi, ndipo akawaona. Sisimizi walikuwa wamekwisha kulivuka kopo la nne. Mstari wao mwembamba ulikuwa umefika nusu ya mguu wa meza, ukipanda polepole. Kitambaa kilikuwa karibu, na mkono wake ukakiendea wenyewe, kama kila asubuhi. Akauzuia.

"Nitazame, Papa."

Mzee akaondoa lenzi. Ilikuwa imemwachia duara jekundu kuzunguka jicho, na jicho lenyewe likahangaika kidogo kabla ya kumpata.

"Na mimi," Marceline akasema, "niko mutoto wako."