Sururu ya Lazhar

Siku ya tatu baada ya kumzika mama yao, Mongia alimwambia kaka yake, "Nipandishe kule juu, nikapaone."

Lazhar hakuuliza wapi. Wakapanda kilima polepole, wazee wawili, mpaka kwenye magofu ya Warumi. Miaka arobaini Mongia alikuwa akija kutoka Tunis, analala kwa mama bondeni, wala hamwamkii Lazhar. Nyumba waliyozaliwa ilikuwa ndani ya magofu yale yale, imeegemea nguzo za hekalu. Kisha wanakijiji wakahamishwa wote ili mji wa kale uchimbuliwe. Na aliyeibomoa nyumba ya mama yao, Zina, kwa sururu yake ni Lazhar mwenyewe, kibarua wa wachimbaji.

Mahali pale sasa palikuwa na sakafu ya vijiwe vya rangi, picha ya samaki na zabibu, imezungushiwa kamba. Jiko halipo, kizingiti hakipo. Mongia akavuka kamba.

"We mama! Toka hapo!" mlinzi akapaza sauti.

"Nimezaliwa hapa."

Mlinzi akacheka. "Basi bibi umekula chumvi kweli! Hapa wamezaliwa Warumi tu."

Mongia akatoka. Akamgeukia kaka yake. "Mkono wako haukuwa mzito hata kidogo ulipoibomoa?"

"Kazi ile wangempa mtu mwingine," Lazhar alisema. "Nikaona bora mimi, angalau nitoe mlango mzima mzima, mama akautumie kule chini. Saa sita akaja. Nikajua amekuja kunilaani. Kumbe kabeba mkate wa moto na mafuta ya zeituni. Akaniambia, 'Kula, mwanangu, kazi hii haifanywi kwa njaa.' Akakaa kwenye jiwe mpaka nikamaliza kula. Kisha akanishikia ngazi, nikashusha paa."

"Hakuniambia hata siku moja."

"Alitaka uniulize mimi."

Hapo Mongia akalia, kilio kilichomkauka makaburini. Alimlilia mama, na ile miaka ambayo kila sikukuu alimlazimisha mama kula mara mbili, mara na binti, mara na mwana. Lazhar alisimama kando, hajui kama ana ruhusa ya kumgusa.

Mongia hakumwambia amemsamehe, pengine hakuwa amemsamehe. Lakini njia ya kuteremka ilikuwa ya mawe yanayoteleza, na magoti ya Lazhar yalikwisha kazi zamani. Mongia akampa mkono bila kumtazama, naye akaushika.