Pinde za Mkia wa Nyumbu

Fidla za shuleni kwetu hatukuziiba kwa mtu. Ziliachwa na Mgiriki aliyekuwa meneja wa shamba la mkonge nje ya Kilosa, shamba lilipotaifishwa akaondoka na masanduku yake, na mwalimu mkuu akawahi kuziomba kabla hazijageuzwa kuni. Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye alitokea mtu akataka kutufanya wezi, na mimi, Raheli, hilo sijalisahau wala sina mpango wa kulisahau.

Nyuzi za fidla zilikuwa nzima. Taabu ilikuwa kwenye pinde, kwani wadudu walikuwa wamezila nywele zote vikabaki vijiti vitupu. Kwa muda mrefu tulizidonoa fidla zile kwa vidole, kama kuku kwenye mpunga ulioanikwa.

Ndipo akaja Ndugu Urbanus, mpiga fidla hasa, aliyesomea kazi hiyo Ulaya na aliyekuwa akiwapigia wageni wa serikali Dar es Salaam. Alitumwa atufundishe mpaka siku ya kufunguliwa kijiji kipya cha ujamaa kule Mikumi. Tungepiga mbele ya mgeni rasmi, na baada ya hapo yeye angechagua mmoja wetu, mmoja tu, aende naye Dar kusomea muziki.

Kila mtu alijua atakuwa Melkizedek, mvulana wa Kidete, ambaye wimbo akiusikia mara moja tayari anao. Mimi nilikuwa wa pili nyuma yake. Sitajifanya malaika: nafasi ile niliitaka hadi usingizi ukanipaa.

Ndugu Urbanus alipoziona pinde zetu alicheka, akatuambia kwamba nywele za upinde huwa za mkia wa farasi. Farasi, Kilosa! Tulijaribu katani, ikalia kama bawaba ya ghala. Tukapata mkia wa ng'ombe kwa wafugaji wa Msowero, nywele zikawa fupi mno. Mwishowe akasema, na sote tulimsikia, "Leteni mkia wowote mrefu. Kuufunga niachieni mimi."

Melkizedek alikuwa na mjomba wake Mikumi. Alipokwenda kumsalimia alikuta nyumbu amegongwa na lori, amelala kando ya lami. Nyama hakugusa. Alikata mkia, akarudi nao kwenye treni ameuweka begani mchana kweupe, abiria wakimtania njia nzima. Mtu anayeficha jambo hasafiri hivyo.

Ndugu Urbanus aliuosha mkia ule kwa sabuni, akazichambua nywele, akazifunga kwenye pinde zetu kwa uzi alioutoa kwenye kisanduku chake mwenyewe. Alikuwa amefurahi, anapiga mluzi. Nilipovuta upinde wangu mara ya kwanza ilitoka sauti nzito yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti, na nilikuwa nimeitoa mimi. Nililia mbele ya darasa zima na sikuona haya.

Siku ya sherehe tulifika Mikumi asubuhi. Uwanjani alikuwapo bwana nyama, yule askari wa wanyamapori, amevaa buti zinazong'aa. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akazitazama pinde zetu na kuuliza nywele nyeusi namna ile ni za mnyama gani. Kwetu mkubwa akikuuliza unamjibu ukweli. Melkizedek alimjibu: za nyumbu, mkia nimeukata mwenyewe. Alijibu kwa fahari, masikini, akidhani anasifiwa.

Bwana nyama akamshika mkono. Akasema hizo ni nyara za serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kesi. Halafu akamgeukia Ndugu Urbanus na kumuuliza kama alikuwa na habari.

Ndugu Urbanus alizitazama pinde alizozifunga kwa mikono yake.

"Mimi ni mgeni tu," akasema. "Watoto walikuja na vitu vyao kutoka kwao."

Alituruka kimanga hivyo hivyo, jua linawaka. Melkizedek alimtazama kwanza yeye, kisha mimi, kama mtu asiyeelewa lugha. Wakamfungia katika stoo ya mahindi. Bwana nyama akatoa kisu akazikata nywele za pinde zetu zote, akazitia mfukoni kuwa ushahidi. Na Ndugu Urbanus, ambaye upinde wake mwenyewe ulikuwa wa farasi wa Ulaya, akaanza kuinyoosha tai yake ili apige peke yake.

Mgeni rasmi akafika. Alishuka garini huku anapunga mgwisho mkubwa mweusi, mpini wake umepambwa shanga, na bwana nyama akampigia saluti hadi kofia ikacheza. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi ndiye niliyepangwa kumvisha shada la maua. Nilimvisha, nikabaki mbele yake.

"Shikamoo mzee. Mgwisho wako ni wa mnyama gani?"

"Marahaba, mwanangu. Huu ni nyumbu," akasema, akaupunga tena ili niuone vizuri.

"Mwenzangu amefungiwa stoo ile kwa sababu ya mkia kama huo. Wake ulikuwa wa kupigia fidla."

Mgeni rasmi aliacha kupunga. Mgwisho ukapokelewa na msaidizi wake na kupotelea ndani ya gari, sikuuona tena. Kabla ngoma ya kwanza haijaisha Melkizedek alikuwa nje, ana unga wa mahindi nyweleni. Radhi hakuombwa na mtu.

Ndugu Urbanus alipiga vizuri sana. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Alipigiwa makofi, kisha akaniita kando, anafuta jasho.

Akaniambia kwamba yeye hawezi kumpeleka Dar mtu mwenye doa la kesi, wakubwa hawatamwelewa. Nijiandae mimi. Tungeondoka kesho yake.

Nafasi ile niliyoililia ilikuwa imesimama mbele yangu. Nyuma yake nilimwona Melkizedek amekaa chini, anapitisha kidole kwenye kijiti cha upinde wake mtupu.

"Mwalimu," nikamuuliza, "siku askari akikuuliza habari zangu huko Dar, utasema unanijua?"

Sikusubiri jibu lake. Nikaenda stesheni na Melkizedek kungoja treni ya Kilosa.