Bolti Yenye Rangi ya Njano

Nilipoiona pikapu ya mke wangu ndani ya gereji ya Taratibu, mchana kweupe, watu wanapita wanatazama, kifua kiliniwaka moto. Mimi ni fundi. Nina gereji yangu mtaa huo huo, hatua mia mbili hazifiki. Na gari la mke wangu liko kwa Taratibu! Bora angenizaba kofi mbele ya wakwe.

Taratibu tulimpa jina hilo tukiwa vijana, tunajifunza kazi kwa fundi mmoja tuliyemwita Bwana Mkubwa. Mimi nimeshafungua magurudumu yote manne, mwenzangu bado anafuta spana. Halafu miaka kumi na tano iliyopita alimposa mke wangu kabla yangu. Akakataliwa, nikakubaliwa mimi. Ungedhani hilo lingenituliza roho. Wapi! Kila nikimwona anamsalimia mke wangu barabarani, nahesabu maneno.

Pikapu yenyewe ni ya zamani, ya kuvuta magurudumu yote manne, na mbele ina ekseli moja nzima, chuma kinene kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mke wangu husambazia mitungi ya gesi. Kwa miezi mitatu ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikishika mwendo, ikigonga shimo, usukani unaanza kutikisika kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka mikono inakufa ganzi, na hautulii mpaka ukanyage breki karibu usimame kabisa.

Nilihangaika nayo. Nikasawazisha magurudumu. Nikabadilisha matairi ya mbele. Nikafunga shokapu mpya ya usukani, ya kumeza mtikisiko, ikatulia wiki mbili, nikatembea kifua mbele, kisha ikarudi vile vile.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "kabla haijatikisika kuna mlio. Tak! Chini ya miguu yangu."

"Mama, wewe endesha. Ufundi niachie mimi."

Ndivyo nilivyomjibu. Sijivunii.

Bwana Mkubwa alitufundisha kwamba usukani unakaguliwa na watu wawili, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Mmoja anakaa juu anazungusha usukani, mwingine analala chini anashika kiungo kimoja kimoja kwa mkono. Mimi nilikuwa nainua gari kwa jeki na kukagua peke yangu. Sikupenda mtu anisimamie. Tena nina kawaida yangu nyingine: kila nati nikishaikaza naipaka mstari wa rangi ya njano. Nikiiona njano, napita, najua hapo nilishamaliza kazi. Mtaa mzima unaijua njano yangu.

Basi, siku hiyo niliingia kwa Taratibu bila hodi. Nikakuta miguu yake imetokeza chini ya pikapu, na mke wangu amekaa kwenye usukani, anauzungusha, anacheka. Anacheka! Nyumbani miezi mitatu hajacheka akilitaja gari lile.

"Kushoto kidogo, shemeji," sauti ikatoka chini. "Sasa kulia. Rudia."

"Kumbe siku hizi mnacheza," nikasema.

Mke wangu akaacha kucheka. Taratibu akajivuta nje polepole, kama kawaida yake, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. Nilitamani kumpokonya kile kitambaa.

"Karibu, ndugu yangu," akasema. "Amekuambia habari ya basi?"

"Basi gani?"

Wakatazamana. Kule kutazamana ndiko kulikonimaliza. Mke wangu akashika usukani kwa mikono miwili na kusema bila kunigeukia, "Juzi ilinitikisa pale kwenye mteremko ikanitupa upande wa pili. Basi lilikuwa linakuja. Lilinikosa kwa upana wa mlango."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefunga shokapu nyingine."

Yaani mke wangu alikaribia kufa, na aliyejua ni Taratibu. Nilisikia wivu, nao ulikuwa mchungu kuliko hofu, na hata sasa naona aibu kwamba wivu ndio uliotangulia.

"Haya, bingwa," nikamwambia Taratibu. "Umegundua nini?"

"Sijafungua hata nati moja. Irudishe kwako. Lala chini, shemeji akuzungushie usukani, kama alivyotufundisha mzee."

"Yaani unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha tu," akasema, akageuka kuchukua sabuni.

Tulirudi kwangu. Nilipofunga geti, mke wangu akazima injini na kuniambia, "Nisikilize. Kesho naingia barabarani na mitungi arobaini nyuma yangu. Sitaki kusikia imepona. Nataka kujua ilikuwa inaumwa nini. Ukishindwa kuniambia leo, gari hili hutaligusa tena maisha yako."

Nikatandika boksi chini nikalala chali. Jeki sikuigusa.

"Kushoto," nikasema. "Kulia."

Nikashika viungo vya usukani, kimoja kimoja. Vizima. Nikashika mabano ya chuma yanayovishikilia. Mazima. Nikafika kwenye ile fimbo ndefu inayotoka kwenye chasi kwenda kwenye ekseli, inayozuia ekseli isitembee pembeni. Ncha yake ya juu iko upande wa dereva, chini ya miguu.

Tak.

Niliisikia kwenye kiganja kabla ya sikio. "Rudia," nikasema. Tak. Bolti ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake, na kila ikicheza ekseli nzima inasogea pembeni.

Nikamulika kwa tochi. Kwenye nati kulikuwa na mstari wa njano.

Nikakumbuka palepale. Miezi minane nyuma niliishusha ile fimbo kubadilisha bushi zake, zile raba za kwenye ncha, bolti ya asili ikapotea, nikachomeka nyembamba kidogo niliyoikuta kwenye kopo, nikasema ni ya leo tu. Nikaikaza, nikapaka njano. Na tangu hapo, kila nilipoingia chini ya gari lile, macho yangu yaliiona njano yakapita.

Pembeni ya nati kulikuwa na duara la chaki. Taratibu alishaiona. Aliijua rangi ya nani, na akafunga mdomo. Shetani yule! Hata kuniaibisha amekataa!

"Umeona nini?" mke wangu akauliza kutoka juu.

Ningejibu, bushi imekwisha. Maneno mawili tu, na angeamini. Chaki ningeifuta kwa kidole, bolti ningebadilisha, gari lingepona, na mimi ningebaki fundi. Niliyaweka kabisa mdomoni. Kisha nikaliona lile basi.

"Shuka uje uone," nikasema.

Akashuka, akalala kando yangu kwenye boksi na gauni lake la kazi. Nikamulika, nikaitikisa bolti kwa kidole.

"Hiyo rangi ya nani?" akauliza, ingawa anaijua.

"Yangu. Niliweka bolti nyembamba. Uliponiambia habari ya mlio, sikukusikiliza. Nusura nikuue, mama watoto."

Akatia mkono mfukoni akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akaniwekea kifuani. Kilikuwa kizito. Nikafungua: bolti nene, na nati yake, vipya.

"Kanipa yeye kabla hujaingia," akasema. "Alisema, mumeo akikuonyesha mwenyewe, mpe hii. Asipokuonyesha, nirudishie gari."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia ajiandae, kesho asubuhi namletea. Ndipo tulipocheka."

Mtu niliyemwonea wivu nusu ya maisha yangu alidhani nitasema kweli. Mke wangu alidhani nitadanganya, na alikuwa na sababu zake. Na wivu haukunitoka, msinielewe vibaya. Uliongezeka.

Nikachomelea washa nene, pete za chuma, pande zote mbili za tundu lililokuwa limelika, nikaingiza bolti ya Taratibu. Ilikaa barabara. Nikaikaza gari likiwa chini kwenye matairi yake, mke wangu akazungusha usukani, mkono wangu haukusikia kitu. Nikanyoosha mkono kuchukua kopo la rangi.

Mke wangu akalichukua yeye, akalifunga kifuniko.

"Hii usiipake," akasema. "Hii utakuwa unaiangalia kila wiki, na mimi nikiwa kwenye usukani."