Bastola ya Bibi Ng'ambo ya Daraja

Garrett aliiona bastola wakati Bibi Lorraine anatafuta peremende. Shida ni kwamba aliiona wakiwa wameshavuka daraja. Angeiona kabla, nyumbani Pennsylvania, wala asingeshtuka, maana ile bastola ndogo yenye mpini wa mbao anaijua tangu anatambaa. Inakaa mkobani mwa Bibi kama miwani yake inavyokaa puani. Lakini sasa mto Delaware ulikuwa nyuma yao, mbele kuna kibao kinawakaribisha New Jersey, na kijana wa watu ndiye aliyeshika usukani.

"Bibi, hiyo umekuja nayo?"

"Nini?"

"Hiyo. Ya marehemu babu."

Bibi akachungulia mkobani kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. "Ah, hii. Si inakaa humu?"

"Inakaa humo kule! Huku ni Jersey!"

"Najua ni Jersey, si tunaenda kwa dada yangu? Unataka peremende au hutaki?"

Hakutaka peremende. Alitaka mtu amwambie afanye nini. Kule kwao, ukishapewa kibali unabeba silaha yako, unaenda nayo sokoni, hakuna anayekuuliza. Kibali kilekile ukivuka nacho daraja kuingia jimbo hili kinageuka karatasi ya kufungia maandazi, na wewe unageuka mhalifu. Watu wamefungwa kwa hilo, tena miaka. Garrett alikuwa anasikia hizo habari kwa kinyozi na kwenye mabanda ya wawindaji, zinasimuliwa kama habari za mamba: zipo, ila zinawapata watu wengine.

"Ulimwahidi Bibi Verna utaiacha nyumbani," alisema.

"Nilimwahidi."

"Sasa?"

"Nimebadilisha mkoba. Huu wa kanisani. Nikibadilisha mkoba nahamisha kila kitu, ndivyo ninavyofanya." Akafunga zipu. "Angalia barabara."

Sasa hapo ndipo Garrett alipochanganyikiwa. Bibi kasahau kweli, au anajifanya? Maana asubuhi ileile aliacha jiko linawaka na sufuria tupu juu yake, na wiki iliyopita alitafuta funguo nyumba nzima kumbe kazishika mkononi. Mjomba Glenn ameshaanza kunong'ona habari za kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Lakini Bibi huyohuyo akitaka jambo lake analipanga kimyakimya kama mtu anayeiba kuku. Na Bibi Verna, dada mtu aliyeolewa huku Jersey, kila Krismasi lazima wagombane kuhusu hicho kichuma. Leo Verna anatimiza miaka themanini. Kwenye kiti cha nyuma ilikuwepo pai tamu ya molasi, imefunikwa kitambaa, ya kuleta amani.

"Nageuza," Garrett akasema. "Tunairudisha nyumbani, halafu tunakuja upya."

"Tutachelewa."

"Afadhali tuchelewe!"

Akaanza kutafuta pa kugeuzia. Hapa haparuhusiwi, pale kuna ukuta katikati ya barabara. Akaona sheli kulia, akakanyaga breki ghafla bila hata kuwasha indiketa. Na aliyekuwa nyuma yao hakutegemea.

Puu!

Si ajali ya kutisha. Bampa la nyuma limebonyea, taa moja imevunjika, shingo za watu nzima. Kwenye gari la nyuma akateremka mama mmoja wa makamo, sweta lake la njano limelowa kahawa kifua kizima, anafoka kabla hata hajafunga mlango.

"Wee kijana! Unafunga breki katikati ya barabara kama umeona jini!"

"Samahani mama, kosa langu, tuyamalize tu hapahapa..."

"Tuyamalize nini? Nimeshawapigia polisi." Akainua simu amwonyeshe. "Nyie wa Pennsylvania mmezidi. Mkivuka tu daraja mnaendesha kama mko shambani."

Wakasogeza magari pembeni, kwenye kiwanja cha sheli. Garrett akajificha nyuma ya mashine ya upepo akampigia Mjomba Glenn, jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Itoe risasi," Mjomba akasema, "funga kwenye kisanduku chenye kufuli, weka kwenye buti. Ukiwa safarini sheria ya nchi nzima inakulinda."

"Sina kisanduku, Mjomba."

"Basi buti tupu. Nafikiri buti linatosha. Ngoja, mnapita tu Jersey au mmefika?"

"Tumekuja kula keki."

"Aah. Basi hapo hampiti. Hapo mmefika. Ile inalinda anayepita." Akaanza upya. "Au kama hamjala bado, mnahesabika mnapita? Hata sijui. Kuna jamaa alikuja kwenye klabu yetu ya shabaha akatuelezea, lakini nilikuwa nachoma nyama."

"Mjomba, polisi wanakuja!"

"Basi usiguse kitu! Ukionekana unahamisha ndiyo mbaya zaidi. Au... hapana, hamisha. Hapana, acha. Mwambie tu Bibi asiseme chochote."

Mwambie Bibi asiseme chochote. Ni kama kumwambia jogoo asiwike.

Alivyorudi garini akamkuta Bibi ameshakaa vile alivyofundishwa. Marehemu Babu Harlan alikuwa mtu wa nidhamu ya silaha, na familia nzima aliwafundisha jambo moja: polisi akikusimamisha na wewe umebeba, weka mikono miwili juu ya dashibodi, aione, na kabla hujagusa chochote mwambie waziwazi kwamba unayo. Usimshtue. Kule kwao hiyo ndiyo adabu. Polisi anakushukuru, mnaongea habari za kulungu, unaenda zako. Bibi alikuwa ameshaweka mikono dashibodini, mgongo umenyooka, kama yuko kanisani anasubiri wimbo.

"Bibi, teremsha mikono."

"Harlan alisema..."

"Babu alisema kwa ajili ya kule! Huku ukimwambia unayo, umekiri kosa. Nakuomba, usimwambie."

"Unataka nimdanganye polisi?"

"Sitaki umdanganye, nataka unyamaze!"

"Akichungulia mkobani akaikuta bila kuambiwa? Atashtuka. Akishtuka atafyatua. Ndivyo watu wanavyokufa, Garrett." Akamtazama kwa macho makavu. "Na Katiba ni moja nchi nzima. Au hawa wameshajitenga na mimi sijaambiwa? Watu hata kujijazia mafuta wenyewe hawaruhusiwi, mpaka waje kujaziwa na kijana wa sheli, ndio wanifundishe mimi mambo ya silaha?"

Kibaya zaidi, Garrett aliona Bibi kama ana hoja. Kusema ni kosa, kutosema ni hatari. Adabu ya upande ule ndiyo kesi ya upande huu. Akili ikagoma kabisa.

Polisi akaja. Jamaa mnene, mpole, jina kifuani Petrillo. Akaongea kwanza na mama wa sweta, akapiga picha bampa, halafu akaja dirishani kwa Garrett.

"Leseni, kadi ya gari na bima."

Leseni Garrett akatoa. Kadi ya gari ikatoka kwenye droo ya dashibodi. Bima sasa. Gari ni la Bibi, na Bibi kadi ya bima anaiweka mkobani, kwa sababu droo anasema inaliwa na panya.

"Bima iko kwenye simu," Garrett akasema haraka, kidole kinamwandikia Mjomba. "Ngoja mjomba anitumie picha, dakika tu."

"Ninayo hapa," Bibi akasema. Mikono bado dashibodini. "Lakini afande, kabla sijaingiza mkono kwenye huu mkoba, ni haki yako kujua kwamba ndani nina bastola, na kibali ninacho."

Garrett alisikia hata mashine ya mafuta inavyohesabu.

Petrillo hakushtuka. Alimtazama Bibi, akatazama nywele zake nyeupe, akatazama ile pai nyuma, halafu akageuza uso upande wa barabara. "Magari yana kelele hapa, mama. Sijasikia. Nimesema naomba kadi ya bima tu. Kijana akinionyesha kwenye simu inatosha."

Loo! Garrett alitaka kumbusu yule mtu. Mlango umefunguliwa wazi. Simu yenyewe ikalia, picha ya bima kutoka kwa Mjomba imeingia. "Hii hapa afande, hii hapa, angalia."

Ila Bibi Lorraine amefundisha watoto shule ya Jumapili kanisani maisha yake yote, na mtu akimwambia hajasikia, yeye anajua dawa moja tu. Akavuta pumzi.

"NIMESEMA NINA BASTOLA MKOBANI, MWANANGU. UNATAKIWA UJUE."

"Ana BASTOLA?" Mama wa sweta akapiga ukelele, akarudi nyuma ya gari lake. Kijana wa sheli akaacha bomba likining'inia. Petrillo akafumba macho, kama mtu aliyeangusha sahani anasubiri ivunjike.

"Mama," akasema taratibu, "nilikupa nafasi."

"Nafasi ya nini?"

Petrillo akamwomba ateremke. Bibi hakufungwa pingu, ila mkoba ulichukuliwa, na yeye akakalishwa kiti cha nyuma cha gari la polisi na gauni lake la kanisani. Akapunga mkono kumuaga Garrett kama anaenda sokoni.

Kituoni ndipo vurugu ya kichwa ilipozidi. Garrett alimwuliza mtu wa mapokezi Bibi ameshtakiwa kwa kosa gani, akaambiwa bado. Akauliza ataachiwa lini, akaambiwa inategemea. Inategemea nini? Inategemea mwendesha mashtaka. Mwingine akasema kifungo ni lazima, hata kwa bibi kizee. Mwingine akasema hapana, wageni waliokosea bila kujua wana utaratibu wao. Wote wamevaa sare ileile.

Bibi Verna akafika, kavaa kofia ya sherehe ya makaratasi amesahau kuivua. Hakumsalimia hata Garrett.

"Yuko wapi huyo mjinga?"

Wakaruhusiwa kuingia. Bibi Lorraine alikuwa mezani na kikombe cha chai, Petrillo kasimama na simu.

"Dada," Bibi akasema, "heri ya kuzaliwa."

"Heri gani! Miaka yote nakwambia! Ulitaka kunipiga risasi kwenye keki?"

"Mabibi," Petrillo akaingilia. "Mwendesha mashtaka yuko kwenye simu. Anataka kujua kitu kimoja tu. Je, ulijua unaingia nayo Jersey, au ulisahau kwamba imo mkobani? Kama ulisahau, na kule kwenu una kibali halali, atatoa onyo, bastola inabaki hapa moja kwa moja, wewe unaenda nyumbani. Kama ulijua, leo hulali kwako, na jaji ataangalia habari ya miaka ya kufungwa."

Garrett akamtazama bibi yake. Hilo swali hata yeye alikuwa nalo tangu darajani. Akaona midomo ya Bibi inakaza, akajua kinachopita mle ndani. Akisema alijua, jela. Akisema alisahau, Mjomba Glenn atalisikia, na sufuria litaunganishwa na bastola, na funguo, na mwisho wake ni chumba cha nyumba ya wazee chenye kengele ukutani.

"Ni haki yangu kubeba," Bibi akaanza.

"Lorraine!" Bibi Verna akamshika mkono. Sauti ikashuka. "Sema ulisahau. Tafadhali. Mimi nina themanini, wewe sabini na nane, unataka nije kukuona nyuma ya kioo?"

Bibi akatazama chai. Akakaa hivyo mpaka Petrillo akahamisha simu sikio la pili.

"Nilisahau," akasema.

"Sema kwa sauti, mama."

"Sasa huyu ndiye kiziwi kweli. Nilisahau!"

Ikaisha hivyo. Onyo, sahihi, mkoba ukarudishwa mwepesi. Nje Bibi Verna akavua kofia yake ya karatasi, akamvisha mdogo wake, akaondoka. Keki haikuliwa. Hakuna aliyekuwa na hamu.

Njiani kurudi Garrett hakujua aulize au aache. Akiuliza na jibu likawa amesahau, atamwambia nini Mjomba? Na likiwa hakusahau, basi leo amekaa pale akamsikiliza bibi yake, mwalimu wa kanisa, akidanganya serikali, na yeye mwenyewe alikuwa anaomba moyoni adanganye.

Wakapanda daraja. Jua lilikuwa limeelekea upande wa nyumbani.

"Katikati ya mto kuna kibao kidogo," Bibi akasema. "Kwenye nguzo. Tukikipita uniambie."

"Kibao cha nini?"

"Cha mpaka. We niambie tu."

Garrett akapunguza mwendo, safari hii akaangalia kwanza kioo cha nyuma. Nguzo ikaja, kibao kikapita.

"Tayari, Bibi. Tuko Pennsylvania."

Bibi akaweka mikono miwili juu ya dashibodi, akanyoosha mgongo.

"Sikusahau," akasema.

Garrett alitaka kucheka, alitaka kumgombeza. Hapo ndipo macho yake yalipotua tena kwenye kioo cha nyuma, akaiona pai waliyokuwa wampelekee Bibi Verna, imetulia kwenye kiti na kitambaa chake, haijaguswa. Pembeni ya Garrett Bibi anaangalia mbele, anatabasamu, kofia ya makaratasi kichwani.

"Unaonaje," Bibi akamwuliza, "Verna ameipenda pai yangu?"