Mashine Ikijaribu Daraja, Musipite

Sokoni walisema daraja mupya ya miguu juu ya muto Lukuga inacheza yenyewe muchana, bila muntu juu, na haitatulia mpaka ichukue mumoja. Mama Arlette alinielezea hayo akipima samaki wadogo wa ndakala, akicheka. Mimi sikucheka. Mutoto wangu mumoja tu, Ketsia, njo injeniere wa pale.

Nilimuuliza. Akasema chini ya daraja kuna chuma kizito, na mashine inakisukuma huku na huku ili daraja isiyumbe. Lakini hakuna anayejua namna kamili ya kukisukuma. Basi wanavuta daraja kwa kamba iyumbe, na mashine inabahatisha: inabadilisha kidogo kipimo cha kusukuma, ovyo tu; daraja ikitulia, inashika kipimo kile, ikizidi kuyumba, inakiacha, inabahatisha tena. Mara mia, mara elfu.

"Na ikikosea?"

"Itakosea sana, Mama. Njo namna inajifunza. Ndiyo maana bendera nyekundu ikiwa juu, hakuna anayepita."

Mimi nilishika neno moja tu: itakosea. Bibi yangu wa Zongwe alinifunza kwamba maji yanapewa unga mweupe mbele ya kuvuka mara ya kwanza, yasichukue muntu. Nikafunga unga katika kitambaa, nikamudanganya Papa Siméon, mulinzi wa bendera, kwamba napelekea Ketsia chakula. Akasema bendera iko juu, ningoje. Alipogeuka kusalimia muntu wa pikipiki, nikapita.

Katikati nilikuwa peke yangu kabisa. Nikamwaga unga. Mara mbao zikaanza kupanda na kushuka chini ya miguu yangu. Nikaita jina la Ketsia, aliyekuwa ng'ambo kwenye mashine.

Kama singeita, angezima mashine kwanza. Lakini alikimbia kwangu. "Mama, kaa chini, shika kamba," alisema, halafu daraja ikamutupa juu ya chuma cha pembeni. Mugongo ukavunjika.

Huu ni mwezi wa saba tangu alazwe hospitali Lubumbashi, dada yangu anamuangalia. Akipiga simu, ananiuliza kama nimekula. Nasema ndiyo. Nyumba iko kimya hata nasikia redio ya jirani wa tatu.

Daraja imetulia, watu wanapita. Sasa wanasema watajaribu ingine karibu na bandari. Basi, mama wenzangu:

Musivuke bendera ikiwa juu, hata mukiona daraja imelala.
Musidanganye mulinzi.
Musimwage kitu juu ya mbao.
Ikiyumba, musikimbie.
Musiite mutoto aliye kazini.