Jaketi Kambani kwa Peigi

Jumamosi jioni Peigi alianua jaketi za kuokolea maisha, bado mbichi, akazirundika jikoni. Kisiwani Lewis, huko Uskoti, Jumapili ni siku ya Mungu, hakianikwi kitu. Ukisahau hata soksi moja kambani, kijiji kizima kitakuimba mpaka Krismasi. Kayaki anazowakodishia wapiga kambi wa ufukweni, mitumbwi midogo ya kasia moja, zilibaki bandani, mlango bila kufuli, maana huko nani anafunga?

Asubuhi, Peigi akiwa anavaa kofia ya kanisani, kijana mmoja kutoka hema la bluu ufukweni akabisha hodi.

"Mama, bahari imelala kama maziwa bakulini. Nipe kayaki moja tu."

"Leo Jumapili. Njoo kesho."

"Kesho naondoka na feri!"

"Basi utaiona bahari ukiwa ndani ya feri."

Akafunga mlango, akijisifu moyoni kwa jibu lile.

Zaburi ya pili haijaisha, helikopta ikanguruma juu ya paa la kanisa. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma kutoka nchi kavu, ukisukuma kila kinachoelea kwenda kilindini. Jioni waokoaji wakamleta yule kijana amefunikwa turubai.

"Tulichukua kayaki wenyewe," dada yake, aliyeokolewa hai, alimlilia Peigi. "Jaketi tulizitafuta, mama. Hatukuona hata moja."

Jumapili iliyofuata, watu wakienda kanisani Biblia kwapani, jaketi zote nyekundu zilikuwa zinapepea kambani kwa Peigi. Murchadh, mzee wa kanisa, akasimama, akafungua kinywa.

"Sema, Murchadh," Peigi akamwambia kutoka mlangoni. "Niambie nizianue."

Murchadh akavua kofia, akapita.