Barakoa Isiyobana

Vumbi la plasta ni jeupe, ni jepesi, na halina haya. Linaingia kwenye nyusi za Fundi, kwenye kola yake, kwenye chai aliyoisahau mpaka ikapoa. Asubuhi jua likipenya dirishani, vumbi lote huinuka na kucheza, na Fundi hulitazama tu, kwa sababu ndani ya karakana ile hakuna kingine kinachokwenda na kurudi.

Kazi yake ni barakoa. Si za kuficha uso, la. Ni za plastiki angavu, za watu walioungua, ili kovu likandamizwe mchana na usiku mpaka lilale, lilainike, hasira zilitoke. Mtu huja, hupakwa plasta usoni, na kutokana na plasta ile Fundi hupata uso mweupe uliofumba macho. Palipoinuka kovu hupasugua kwa msasa, kidogo kidogo. Kisha hupasha moto bapa la plastiki na kulivuta juu ya uso ule.

Nyuso zikishatumika hupanda rafuni. Zimejaa ukuta mzima, na Fundi huzisalimia akifungua mlango. "Mmeamkaje, jamani?" Nani wa kumjibu? Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, binti yake kaolewa mbali, na jirani wa pekee ni ghala la matairi.

Basi akaja Mwalimu.

Alikuja kajitanda mtandio mpaka machoni. Jiko la gesi lilikuwa limemlipukia, likamuunguza shavu la kushoto hadi kwenye taya. Zamani alifundisha watoto wadogo kusoma. Sasa alishinda ndani, mapazia yamefungwa, akibishana na redio. "Redio ina uvumilivu," alisema. "Hata ukiitukana inaendelea kukusomea habari." Fundi akacheka. Akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, kikavu, chenye kutu.

Akampaka plasta kwa mkono mwepesi. Maskini mkono ule! Ulikwishasahau kwamba uso wa mtu una joto. "Usitabasamu, Mwalimu, itapasuka."

"Basi na wewe usinichekeshe," alijibu kwa pembe ya mdomo.

Plasta ikakauka taratibu.

Hebu njoo karibu, msomaji, uone. Bapa la plastiki likiwa baridi ni kaidi, ukilikunja linakatika. Fundi hulibana kwenye fremu, hulisukuma tanurini, husimama akilichungulia. Bado. Linang'aa. Bado. Linalegea katikati, linabonyea kwa uzito wake lenyewe. Bado, mama, bado. Sasa! Huishusha fremu juu ya uso wa plasta, hufungua pampu, hewa yote hunyonywa kwa mlio mmoja, na plastiki inaukumbatia uso ule puani, mdomoni, kwenye kope, bila kuacha mwanya hata wa kupita unywele. Nani aliyewahi kukumbatiwa hivyo? Fundi hakujiuliza. Au alijiuliza, akajifanya anatafuta koleo.

Mwalimu alirudi kujaribishwa, akarudi tena kingo zikatwe. Kila alipokuja alikawia zaidi. Alizitania nyuso za rafuni: "Huyu wa pembeni kakununia, Fundi. Umemfanyia nini?" Na Fundi akasimulia habari za yule wa pembeni, akasimulia za mkewe, akasimulia mambo ambayo hakujua kwamba bado anayo.

Lakini barakoa ilikuwa inakaribia kwisha. Ikiisha, mtu huenda zake.

Hapo shetani akaingia bila hodi. Acha ukingo mmoja ubane, akamnong'oneza. Kidogo tu, pale kwenye taya. Atarudi. Anayebanwa hurudi. Fundi akaushika msasa, akauweka, akaushika tena. Upweke unajua kubembeleza, asikudanganye mtu. Lakini taya ni ya mwenzake, na maumivu mwenzake ameshapata ya kumtosha. Loo, alisugua siku ile! Alisugua kingo zote mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Akamvisha, akamfunga mikanda kisogoni, akasema, "Haya, Mwalimu. Kila la heri."

Mlango ukafungwa. Vumbi likatua.

Siku zikafuatana, na zote zilikuwa na sura moja. Uso wa plasta wa Mwalimu, Fundi hakuupandisha rafuni. Aliuacha mezani, karibu na kikombe chake, akisema atautafutia nafasi kesho. Nafasi zilikuwepo tele.

Asubuhi moja, hodi. Ni Mwalimu! Barakoa usoni, mtandio mabegani, kichwa wazi. Njia nzima kaja hivyo, mbele za watu! Mkoba wake umetuna, shingo ya chupa ya chai imechomoza.

"Fundi, inabana."

"Inabana wapi?"

"Hapa." Akagusa taya. "Au hapa juu kidogo."

Plastiki angavu haifichi kitu: panapobana, ngozi ya chini yake hupauka. Akasogeza taa. Akamgeuza kidevu kwa ncha za vidole, akachunguza shavu, taya, paji. Hapajapauka popote. Akashusha pumzi, na majivuno ya kazi yakampanda kichwani.

"Haibani popote, Mwalimu. Iko sawasawa kabisa. Huna haja ya kuja tena."

Mwalimu akamtazama. "Haibani?"

"Hata chembe."

"Basi sawa, Fundi. Nimekusumbua bure."

Akachukua mkoba wake. Ndani, vikombe viwili vikagongana.

Fundi akarudi mezani akipangusa mikono, ameridhika. Ameridhika! Mtu mzima na akili zake timamu! Akamwaga chai iliyopoa, akaokota msasa, na msasa ukamdondoka. Barakoa haibani. Haibani, na amekuja. Vikombe viwili.

Mlango hakuufunga. Alitoka mbio na aproni yake, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na Mwalimu alishapita ghala la matairi, amejitanda tena, anakaribia kona.

"Mwalimu!"

Hakugeuka.

Sasa mjue Fundi huyu: tangu ashike tupa hajakiri kosa la kazi mbele ya mtu, hata mkewe alimshindwa. Akasimama katikati ya barabara, wabeba matairi wamemtumbulia macho, akapaza sauti.

"Inabana! Umesema kweli, inabana! Mimi ndiye sikuona! Kazi mbovu ile, haifai, rudi niitazame!" Machozi yakaligeuza vumbi la mashavuni kuwa plasta. "Inabana sana, Mwalimu!"

Mwalimu akasimama. Akauteremsha mtandio mabegani, akageuka, na hata kwa mbali ilionekana kwamba anatabasamu.

"Punguza kelele, Fundi," akasema. "Utafukuza wateja."

Akaanza kurudi, taratibu. Na Fundi, ambaye miaka yote alifanya kazi wima mbele ya kiti kimoja tu cha wagonjwa, akapenya kati ya wabeba matairi huku akiuliza kila mmoja, tafadhalini, nani ana kiti cha kumwazima.